Bati liling'oka kwanza: kwanini bima inakulipa dari halafu inakunyima kochi

Masika yakishika Dar, haipiti wiki kwenye grupu la mtaa wetu bila mtu kuposti sebule imejaa tope na kuuliza "hivi bima inalipa hii?" na hapo ndo vita inaanza, mmoja anasema bima ni matapeli, mwingine anasema shemeji yake alilipwa mpaka mapazia, wa tatu anasema kazi ya Mungu hailipwi popote duniani. Safari hii aliyeposti ni jirani yangu wa Tegeta. Nimemuomba nielezee kisa chake bila kumtaja, akakubali kwa sharti nisiweke picha ya kochi.

Kisa chenyewe hiki. Majira ya saa tatu usiku upepo ulikuja na mvua ukang'oa bati upande wa jikoni mpaka nusu ya sebule, mvua ikawa inamwagika ndani moja kwa moja, dari ya jipsamu ikalowa ikadondoka juu ya tivii na kabati la vyombo. Wakahangaika na ndoo na mabeseni. Kwenye saa nne na nusu hivi mfereji wa barabarani ukafurika, maji yakaingia kwa mlango wa mbele yakafika magotini, kochi, magodoro, zulia, vyote vikaoga. Bima ya nyumba anayo, aliikata kwa sababu benki ilimwambia bila bima hakuna mkopo, na mkataba wenyewe hajawahi kuufungua hata ukurasa wa pili (tusimcheke, nani kausoma wa kwake). Akapeleka madai. Wiki zikapita, ikaja barua fupi: hasara imesababishwa na mafuriko, na mafuriko hayamo kwenye bima yako.

Mimi sio wakili, niseme mapema. Nilikaa miaka kadhaa kwenye ofisi ya broka wa bima pale Posta na kazi yangu kubwa ilikuwa kupokea watu wenye barua za namna hii. Kitu nilichojifunza pale ni kwamba mteja anakuja amejiandaa kubishana kuhusu ukubwa wa hasara, ana risiti, ana picha, ana machozi, wakati kampuni inabishana naye kuhusu kitu kingine kabisa, yaani hasara imeletwa na nini. Ni mabishano mawili tofauti na wengi wanapoteza kwa sababu wanajibu swali ambalo hawajaulizwa.

Maneno machache kwanza

Mkataba wa bima wengine wanauita polisi, ni yale makaratasi unayopewa baada ya kulipa, sio ile kavanoti ya ukurasa mmoja. Premium ni hela unayolipa wewe kwenda kwao. Fidia ni hela wanayolipa wao kuja kwako. Eksesi ni kile kipande cha hasara unachobeba mwenyewe kila likitokea tukio, mfano mkataba unasema eksesi laki tano, basi hasara ya milioni 3 unalipwa milioni 2 na nusu. Mtathmini wa hasara, wenyewe wanamwita adjasta, ni yule anayekuja na kamera na futi kamba kuangalia kilichoharibika na kuandika ripoti, na anayemlipa ni kampuni ya bima sio wewe, hilo liweke kichwani maana tutamrudia.

Sasa bima ya nyumba iko ya aina mbili kubwa. Ya kwanza ni kama ubao wa mama ntilie. Ubao umeandikwa wali maharage, ugali samaki, chapati, basi utakula hivyo, ukitaka pilau utaambiwa leo hakuna na huna wa kumlaumu. Bima hii inataja majanga kwa majina: moto, radi, mlipuko wa gesi ya kupikia, halafu kwa kuongezea hela kidogo unawekewa dhoruba, mafuriko, tetemeko, fujo za wananchi, gari kugonga ukuta. Kisichotajwa hakilipwi. Ya pili ni kama bufee ya harusi, unapakua chochote isipokuwa ile meza ya maharusi, yaani inalipa kila uharibifu wa bahati mbaya isipokuwa vitu vilivyokatazwa kwa majina, kama kuchakaa, mchwa, vita. Hii ya pili ni ghali zaidi na watu wengi mtaani hawana, wana ya ubao, na tena ubao wenye vyakula viwili vitatu kwa sababu siku ya kukata waliuliza swali moja tu, ya bei rahisi ni ipi.

Na kuna neno "bima kubwa" ambalo limetuharibia sana. Bima kubwa na bima ndogo ni lugha ya magari. Mtu ana bima kubwa ya gari akijua anafidiwa karibu kila kitu, akikata ya nyumba anabeba imani ile ile anahamia nayo. Nyumba haina bima kubwa kwa maana hiyo, ina ubao.

Moto ni nini hasa?

Utacheka lakini hili swali limepelekwa mahakamani. Mwaka 1864 ghala la baruti lililipuka huko Erith, nje ya London, na nyumba moja iliyokuwa kama nusu maili kutoka pale ikapasuka kwa mshindo. Mwenye nyumba alikuwa na bima ya moto. Akadai, kwa hesabu kwamba baruti imewaka, baruti ni moto, nilipeni. Mwaka 1865 mahakama ikamwambia hapana, nyumba yako haijaguswa na moto, imeguswa na mshindo, na mkataba wako unasema moto. Hapa kwetu wakazi wa Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 na wa Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, mabomu ya maghala ya jeshi yalipolipuka, waliona kwa macho yao jinsi nyumba inavyoweza kuvunjika bila cheche hata moja kufika. Kwa mtu mwenye bima iliyoandikwa moto peke yake, kesi ya Erith ni yake.

Toleo la kila siku la hadithi hii ni la umeme. Umeme umekatika, umerudi kwa fujo, friji limekufa, mtu anadai bima ya moto kwa sababu friji "limeungua". Kwa lugha yetu ndio limeungua, hata balbu inaungua, ila kwa mkataba moto ni mwali, kitu kimewaka. Mikataba mingi ina kifungu kabisa kinachosema hitilafu ya umeme ikiharibu kifaa chenyewe hailipwi, ila moto ukitoka kwenye hicho kifaa ukashika pazia, pazia na nyumba vinalipwa. Kwahiyo friji lililokufa kimya kimya halilipwi na nyumba iliyoteketea kwa sababu ya friji hilo hilo inalipwa. Inakera lakini ndo mantiki yake.

Majanga mawili yakija usiku mmoja

Hapa ndo penye nyama na hapa ndo alipokwama jirani. Majanga hayaji kwa foleni. Tetemeko linapasua bomba la gesi, gesi inawaka, upepo unabeba moto. Sasa ukiwa na bima ya moto bila tetemeko, nani kaunguza nyumba?

San Francisco waliulizana hilo mwaka 1906. Tetemeko lilipiga alfajiri ya tarehe 18 Aprili, mji ukaanza kuwaka na moto ukaendelea siku kadhaa. Watu wengi walikuwa na bima ya moto, ya tetemeko hawana, na baadhi ya mikataba ilikuwa na vifungu vinavyosema nyumba ikishaanguka yenyewe, bima ya moto imeishia hapo hapo. Kwahiyo kila nyumba ikawa kesi: ilianguka kabla haijawaka au iliwaka ikiwa imesimama? Wapo waliozichoma wenyewe nyumba zilizopasuka ili ziingie kwenye upande unaolipwa, na zipo kampuni zilizokimbia madai au kufilisika kabisa. Ila mtu mmoja wa soko la bima la Lloyd's kule London, Cuthbert Heath, alimwagiza wakala wake kwa simu ya maandishi awalipe wateja wote kikamilifu bila kujali mkataba unasemaje, na jina la Lloyd's kule Marekani lilijengeka hapo. Nimemtaja kwa sababu watu wanapenda kuniambia hakuna kampuni inayolipa kwa moyo. Alikuwepo mmoja, miaka zaidi ya mia iliyopita.

Mahakama za Uingereza zilitafuta kanuni ya kumaliza ubishi na wakaipata kwenye meli. Meli inaitwa Ikaria, mwaka 1915 wakati wa vita kuu ya kwanza ilipigwa topido na nyambizi ya Ujerumani karibu na bandari ya Le Havre, Ufaransa. Haikuzama. Ikavutwa mpaka bandarini ikafungwa gatini, upepo ukachafuka, wakuu wa bandari wakaogopa itazama pale pale na kuziba gati, wakaihamisha, huko ilikohamishiwa kila maji yakipwa inakaa chini, yakijaa inaelea, mwishowe mgongo ukakatika ikazama. Bima ilikuwa inalipa hatari za bahari lakini hailipi vita. Mwenye meli anasema imeua bahari, kampuni inasema imeua topido. Mwaka 1918 majaji wa ngazi ya juu kabisa wakasema ni topido, kwa sababu usiangalie kilichokuja mwisho kwa saa, angalia kilichokuwa na nguvu ya kuleta hasara, na ile meli tangu ipigwe haikuwahi kutoka kwenye hatari hata dakika moja.

Unaweza kusema haya ya Wazungu yanatuhusu nini. Yanatuhusu, sheria yetu ya matumizi ya sheria inaelekeza mahakama zetu zitumie, pale ambapo hatuna sheria yetu wenyewe, misingi ya sheria za Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Ikaria ni ya 1918. Imeingia kabla mlango haujafungwa.

Mfano wa karibu zaidi na Tegeta lakini ni Katrina. Agosti 2005 kimbunga kiliingia pwani ya kusini ya Marekani, kwenye majimbo ya Louisiana na Mississippi, na kule bima ya kawaida ya nyumba inalipa upepo ila hailipi mafuriko, ya mafuriko unakata pembeni kwenye mpango wa serikali ulioanzishwa mwaka 1968 na wengi hawakuwa nayo. Pwani ya Mississippi kuna watu walirudi wakakuta nyumba imebaki jamvi la zege tu. Hakuna ukuta, hakuna bati, hakuna cha kupima. Mwenye nyumba anasema upepo uliibomoa kisha bahari ikaja kufagia, kampuni inasema bahari ndo iliyobomoa. Na mikataba ilikuwa imewekewa kifungu kikali kinachosema mafuriko yakihusika kwa namna yoyote, yawe yametangulia au yamefuata, hatulipi kitu. Mwaka 2009 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la Mississippi ikakiwekea mpaka kifungu hicho: kama upepo ulishaharibu kitu kabla maji hayajafika, hasara hiyo imeshatokea na deni limeshazaliwa, maji yanayokuja baadaye hayawezi kurudi nyuma yakafuta deni.

Nilivyomsomea jirani hiyo sentensi alinyamaza kidogo halafu akasema, "Kwahiyo bati langu." Ndio, bati lako.

Hukumu ya Mississippi hailazimishi jaji wa Dar, inamshawishi tu kama jaji mwenyewe akipenda kushawishika. Ila wazo lenyewe halihitaji jaji. Bati liling'olewa na dhoruba saa tatu, na dhoruba kwenye mkataba wake imo, tulipekua mpaka tukaiona ukurasa wa 7. Mfereji ulikuja saa nne na nusu. Adjasta alivyofika siku ya nne alikuta kila kitu kimelowa na mstari wa tope ukutani, akaandika neno moja, mafuriko, akaondoka. Simlaumu sana, siku hiyo alikuwa na nyumba nyingine za kuzunguka, ila ripoti yake ilimeza majanga mawili ikatema moja.

Nani anatakiwa kuthibitisha nini

Hili watu hawalijui na ni silaha. Wewe mwenye bima unatakiwa kuonyesha kwamba hasara imetokana na janga lililotajwa kwenye ubao. Ukishaonyesha, mzigo unahamia kwa kampuni, yeye ndo anatakiwa kuonyesha kwamba kuna kifungu kinachomtoa. Na neno likiwa na utata, linaweza kusomeka hivi au vile, mahakama inalisoma kwa faida ya yule ambaye hakuliandika, yaani wewe. Kwahiyo kampuni ikikuandikia "haimo kwenye bima yako" jibu la kwanza sio matusi, jibu la kwanza ni: naomba mnitajie kifungu namba ngapi, na naomba nakala ya ripoti ya adjasta. Barua mbili tu. Utashangaa ni mara ngapi sauti inabadilika.

Na ushahidi ni simu yako. Jirani alikuwa na bahati, mke wake alirekodi voisi noti saa tatu na dakika kumi na mbili akimwambia mama yake "bati limeenda mama, tunaloa", na picha ya dari imeanguka huku sakafuni bado unaona vigae vikavu upande wa mlango. Vigae vikavu! Hivyo vigae vina thamani kuliko risiti ya tivii.

Kabla hatujaliacha hili la kuhesabu matukio, mzozo maarufu kuliko yote ulikuwa wa majengo pacha ya New York yaliyoshambuliwa tarehe 11 Septemba 2001. Mpangaji mkuu wa majengo, Larry Silverstein, alikuwa na bima ya karibu dola bilioni 3.5 kwa kila tukio. Ndege mbili, minara miwili, je ni tukio moja au mawili? Mikataba ya mwisho ilikuwa haijakamilika kuandikwa, kampuni tofauti zilikuwa zimekubali rasimu tofauti, rasimu moja ilikuwa na maana ya neno "tukio" na nyingine haikuwa nayo. Mwaka 2004 majuri wakaamua kwa waliokubali rasimu yenye maana ni tukio moja, na kwa kundi lingine la kampuni ni mawili, na malipo ya jumla yalikuja kumalizikia kwenye dola bilioni 4.55 mwaka 2007. Neno moja halikufafanuliwa, likagharimu bilioni.

Upande wa hela, hapo ndo wafanyabiashara wanapolia

Tuseme mmekubaliana janga ni lile lililotajwa. Sasa ni shilingi ngapi? Hapa kuna kitu kinaitwa averaji na kimewaumiza watu kuliko moto wenyewe. Nyumba yako kuijenga upya ni milioni 100. Ukaandikisha milioni 60 ili premium iwe ndogo. Jiko likaungua, hasara milioni 30. Unasema 30 iko chini ya 60, nilipwe yote. Kampuni inasema uliandikisha asilimia 60 ya nyumba, basi na hasara tutakulipa asilimia 60, ambayo ni milioni 18, na hapo hawajatoa eksesi. Ni kama mmechanga watu kumi kukodi Noah ya kwenda msibani, wewe ukatoa nusu nauli, halafu unataka siti nzima.

Upande wa pili wapo wanaoandikisha kubwa kupita kiasi wakidhani watapata faida, anaandika bei ya kuuzia na kiwanja ndani yake. Kiwanja hakiungui. Unalipia premium ya ardhi ambayo ipo pale pale hata nyumba ikigeuka jivu. Na kukata bima kampuni mbili hakukulipi mara mbili, wanagawana, bima ni ya kukurudisha ulipokuwa sio kukupeleka ulipotaka kwenda.

Kwa watu wa Kariakoo kuna lingine. Soko kuu lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021 watu wengi mtaani waliuliza soko lina bima au halina, na baadaye Sheria ya Fedha ya 2022 ikaja kufanya bima iwe lazima kwa masoko ya umma na majengo ya biashara. Vizuri. Lakini bima ya jengo ni ya jengo. Mzigo wako kwenye fremu, vitenge vyako, simu zako, hazimo. Mwenye jengo anaweza akalipwa mpaka senti ya mwisho akajenga upya, wewe uliyepanga ukaambulia pole. Na hata jengo lenyewe likiporomoka bila moto wala tetemeko, kama lile la Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, unarudi kule kule kwenye ubao, kuporomoka kumeandikwa au hakujaandikwa.

Na ukiwa na bima ya mzigo, adjasta atakuuliza mzigo ulikuwa wa shilingi ngapi. Utasema milioni 300. Atasema sawa, nipe risiti za EFD na ritani ulizopeleka TRA. Hapo nimeona wanaume wazima wanabadilika rangi. TRA uliwaambia duka ni dogo, biashara mbaya, hali ngumu, leo bima unawaambia duka lilikuwa kubwa. Mahakamani karatasi zako mwenyewe ndo zinakuwa shahidi wa upande wa pili. Sina ushauri mzuri hapa zaidi ya ule unaoujua.

Ulichonyamazia siku ya kukata

Sababu nyingine kubwa ya kunyimwa ni kwamba hukusema ukweli wote mwanzoni. Bima inasimama kwenye uaminifu wa hali ya juu wa pande zote mbili, msingi huo ulitangazwa na jaji Lord Mansfield mwaka 1766 kwenye kesi ya ngome ya Waingereza kule Sumatra, gavana wake aliikatia bima isitekwe, Wafaransa wakaiteka, mtoa bima akasema alificha kwamba ngome ni dhaifu. Watu wanaitaja kesi hiyo kama ya kuwabana wateja, wanasahau kwamba gavana alishinda, jaji alisema mtoa bima alikuwa anajua au angeweza kujua mwenyewe hali ya ngome.

Kwa mtaani ni hivi. Ulisema nyumba ya kuishi, leo mbele kuna fremu ya kuuzia mitungi ya gesi. Ulisema mnaishi, ikakaa tupu miezi mitatu. Au hati bado ina jina la marehemu babu na mirathi haijafunguliwa, bima umekata kwa jina lako, siku ya moto unaulizwa wewe una maslahi gani na hii nyumba na wajomba nao wanasimama upande wa pili wanasema ya kwetu. Mabadiliko toa taarifa kwa maandishi, meseji kwa wakala sio mbaya ila barua pepe ni nzuri zaidi. Na hakikisha wakala hela yako aliifikisha, maana bima isiyolipiwa haipo, ukitaka kujua kama yako ipo kweli ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa simu, dakika mbili.

Kuhusu kazi ya Mungu, naona bado kuna wanaobisha. Radi ni kazi ya Mungu na iko kwenye karibu kila bima ya moto. Tetemeko la Kagera la Septemba 2016 lilikuwa kazi ya Mungu, na bima yenye neno tetemeko inalipa tetemeko. Mkataba hauulizi nani kafanya, unauliza kimeandikwa?

Ukishindwana nao

Kwanza malalamiko kwa kampuni yenyewe kwa maandishi. Ikishindikana kuna TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni zote za bima chini ya Sheria ya Bima ya 2009, na sheria hiyo hiyo ndo iliyoleta ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, iliyowekwa kwa ajili ya watu kama mimi na wewe ambao hatuna hela ya kukaa mahakamani miaka. Mahakama ipo mwisho, na madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, ila usikae kwa kuringia hiyo sita, mikataba yenyewe ina siku zake za kutoa taarifa, mingine inataka ndani ya siku chache tu, na kuchelewa ni sababu wanayoipenda.

Na kuna karatasi moja ya kuogopa. Wakikubali kukulipa watakuletea hati ya kupokea malipo, imeandikwa kwa chini kwamba ukisaini umemaliza madai yote kuhusu tukio hilo. Watu wanasaini kwa njaa, wiki moja baadaye fundi anapanda juu anakuta mbao za paa zimeoza. Imekwisha hiyo. Kama hujaridhika usisaini, au andikiana nao kwamba hii ni sehemu ya malipo na mengine yanaendelea, halafu subiri majibu kwanza.

Jirani aliandika barua mbili, akaambatanisha voisi noti kwenye flashi na picha ya vigae. Wakamtuma adjasta mwingine, dada mmoja mtulivu aliyekaa saa tatu nzima, akapima mstari wa tope kutoka sakafuni, sentimita 46, akagawa nyumba vipande viwili: kilichokuwa juu ya mstari na kilichokuwa chini. Bati, mbao, dari, tivii iliyokuwa ukutani, kabati la vyombo la juu, vyote amelipwa. Kochi, magodoro, zulia, hapana, na kwa hilo amekubali yaishe.

Limebaki friji. Lilisimama jikoni pale pale bati lilipong'oka, likanyeshewa kutoka juu saa tatu, likafurikwa kutoka chini saa nne na nusu. Kampuni inasema mota iko chini, kwahiyo maji ya mfereji. Fundi wa jirani ameandika kwamba bodi ya umeme ya friji la aina ile iko nyuma kwa juu na ndo iliyoungua. Barua ya tatu imeenda juzi.